Maswali ya Wasomaji: Clarke Quay, maghala ya mtoni yaliyogeuzwa mikahawa

Meli yetu hutia nanga Singapore, na wenzangu wanaisifia sana Clarke Quay. Mbona wanasema bili huja kubwa kuliko menyu? (Baharia, Mombasa)

Tazama alama ya ++ baada ya bei. Maana yake hapo hakujaingia asilimia 10 ya huduma wala kodi ya asilimia 9, na kodi yenyewe hutozwa juu ya jumla iliyokwisha kuongezwa huduma. Chakula cha dola 40 za Singapore kinakuwa 44, kisha 47.96. Ukizidisha bei kwa 1.2 hutakosea sana. Bakshishi si lazima, maana huduma umeshailipia.

Anayewaponza wengi ni kaa wa pilipili. Bei yake huandikwa kwa gramu 100, au haiandikwi kabisa, unaambiwa ni bei ya siku. Tuseme ni dola 10: kaa wa kilo 1.2 ni dola 120, na ukiongeza huduma na kodi utalipa 143.88. Mwambie mhudumu ampime mbele yako na akutajie jumla kabla hajaenda jikoni. Vimikate vya kuchovyea mchuzi huagizwa kando. Njugu na taulo za maji zinazowekwa mezani bila kuombwa nazo mara nyingi hulipiwa; usipozitaka, zirudishe kabla hujazigusa.

Mwislamu atapata cha kula? (Msomaji, Unguja)

Atapata, ila achague, kwani eneo limejaa baa. Aangalie cheti cha MUIS, baraza la Kiislamu la Singapore: kiwe na jina la mgahawa uleule na tarehe yake isiwe imepita. Kuambiwa tu kwamba hawapiki nguruwe hakutoshi, pombe yaweza kuwa ndani ya mchuzi. Akikosa, aende Kampong Glam, karibu na Msikiti wa Sultan, kama kilomita 2 hivi. Murtabak za huko, yaani chapati zilizojazwa nyama, zinashinda vingi vya mtoni, tena kwa bei nafuu.

Ni maghala kweli au mapambo ya watalii?

Ni maghala. Matishari yalibeba shehena kutoka melini na kuishusha hapa ukingoni, mpaka yalipohamishiwa Pasir Panjang mwaka 1983, serikali ikiwa katikati ya kazi ya miaka 10 ya kuusafisha mto, iliyoanza 1977. Burudani ilianza 1993. Miavuli mikubwa iliyofunika vichochoro ni ya ukarabati uliokamilika 2006; ndiyo inayowawezesha watu kula nje mvua ikimwagika. Rangi kali zilizopakwa kutani baadaye hazikuwapo enzi za makuli, na kwa maoni yetu zilificha majengo kuliko kuyapamba. Yatazame asubuhi kutoka ng'ambo, kabla meza hazijatolewa.

Tushuke kituo gani, na kuna sheria gani usiku?

Jina lisikudanganye: kituo cha Clarke Quay kiko ng'ambo ya mto, itabidi uvuke daraja. Fort Canning ndicho kilicho upande wa maghala. Treni za mwisho hupita karibu na saa 6 usiku, hivyo omba bili mapema au uweke akiba ya teksi.

Kuanzia saa 4:30 usiku hadi saa 1 asubuhi ni marufuku kunywa pombe hadharani, pamoja na kwenye Daraja la Read na ngazi za mtoni. Faini hufika dola 1,000. Ndani ya baa yenye leseni hakuna tatizo, ila usitoke na chupa.