Civilian au Endura? Dreva wa njia ya Juba anauliza kisu cha kujilinda

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi ni dreva wa trela, nabeba mzigo kutoka Malaba napita Kampala na Gulu mpaka Elegu, mara nyingine naingia hadi Juba. Mwezi uliopita vijana walimvamia mwenzangu usiku akiwa kwa foleni ya mpakani, wakamnyang'anya simu na pesa ya njia. Sasa shemeji yangu yuko Marekani anarudi Krismasi na amesema ataniletea kisu kimoja cha kukunja, nichague mwenyewe. Nimeona viwili vya Spyderco, kampuni ya visu ya Marekani: kile cha Civilian chenye makali yamepinda kama ukucha wa chui, na Endura ile ya Wave yenye kindoano kinachofungua kisu kikitoka tu mfukoni. Cha kujilinda ni kipi hapo? Dreva, Tororo.

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na mpe pole mwenzako. Nimefundisha askari wa makampuni ya ulinzi hapa Kampala miaka mingi, siku hizi kazi yangu ni kunoa visu na kuviuza, hivyo vyote viwili vimeshapita mkononi mwangu. Chukua Endura, lakini si ile ya Wave, na sababu zangu nadhani si zile unazongojea.

Tuanze na huyo chui wako. Civilian ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya polisi wa Marekani wanaofanya kazi kwa siri, wale wa nguo za kiraia ambao hawawezi kubeba bunduki inayoonekana na wengi wao hawajawahi kusomea kisu. Ndo maana bapa lake limepinda mara mbili kama herufi S iliyogeuzwa, meno kuanzia shina hadi ncha, urefu kama sentimita 10, wazo lao likiwa kwamba hata mtu asiyejua kitu akipunga tu mkono kisu kinashika chenyewe. Kwa hiyo kazi moja kinaifanya vizuri sana. Tatizo ni kwamba hakina kazi ya pili, na hilo kampuni yenyewe inalisema wazi, kwamba si kisu cha kazi za kila siku, kwa sababu ncha yake ni nyembamba mno, ukichokonoa kitu kidogo tu inakatika. Sasa we ni dreva bwana, kwa siku unakata kamba ya turubai mara ngapi, unafungua boksi, unamenya embe, unakata kipande cha mpira ufunge paipu inayovuja. Kwa Civilian hayo yote ni ama unakiharibu kisu ama unajiharibu vidole.

Alafu kunoa. Meno ya namna hiyo yanataka kijiti cha kunolea cha pembe tatu, unapita jino moja moja kwa subira. Ukikipeleka kwa yule jamaa wa jiwe la baiskeli atakula meno yote kwa dakika mbili na atakudai pesa juu yake, nimeshaletewa kimoja kilichofanyiwa hivyo na sikuwa na la kufanya ila kumwonea huruma mwenyewe.

Lakini hata hayo tuyaache. Kinachonifanya nikukatalie Civilian ni rodibloko, vile vizuizi vya polisi barabarani. We unapita ngapi kati ya Malaba na Elegu? Siku moja afande atakwambia ushuke, atafungua mlango wa kebini, atakikuta. Akikuta Endura atauliza hii ya nini, utamwambia afande nakata kamba za turubai, na turubai lenyewe liko hapo juu linakutetea. Akikuta ukucha wa chui utamwambia unakata nini? Kile kisu kinajieleza chenyewe kabla hujafungua mdomo, na maelezo yake si mazuri.

Sheria yenyewe iko hivi, na mi si wakili lakini askari wangu lazima niwafundishe hii. Kanuni ya Adhabu ya Uganda inasema kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutisha watu ni kosa, na hiyo silaha inaweza kutaifishwa. Kwa upande wa kujilinda, hiyohiyo Kanuni inasema mahakama ifuate misingi ya sheria ya Uingereza, yaani nguvu uliyotumia iwe ilihitajika kweli na isizidi hatari iliyokuwepo. Kuna kesi ya mwaka 1971 ya mtu anaitwa Palmer, ilitoka Jamaika ikafika Baraza la Privy kule London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa Jamaika, na majaji wakakubali kwamba mtu aliyevamiwa hawezi kukaa pale na mizani apime kwa usahihi nguvu ya kutumia. Hiyo inakusaidia. Lakini walisema pia kwamba hatari ikishaisha basi, ukiendelea hapo sio kujilinda tena, ni kulipiza. Sasa jifikirie umesimama mbele ya hakimu unajaribu kueleza kwamba hukuwa na nia ya kumuumiza mtu, na mezani kwake kuna kisu kilichotengenezwa kwa kuumiza watu tu.

Na ukivuka Nimule, upande wa Sudan Kusini, uko nchi ya wengine, uliza huko kabla hujavuka nacho.

Haya, Endura. Hii imeanza 1990 na ya sasa ni kizazi cha nne. Bapa kama milimita 96, uzito kama gramu 100, yaani mfukoni unaisahau. Chuma chake cha kawaida ni VG-10 ya Kijapani na kisu kinaundwa mji wa Seki, watu waliokuwa wanafua panga za samurai zamani, na kwa joto na jasho la kebini hiyo chuma haishiki kutu kirahisi. Mpini ni plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo. Loki iko mgongoni na kwenye hiyo loki wamechonga kishimo kidogo, ukikishika kwa nguvu sana kama mtu mwenye hofu anavyoshika, nyama ya kiganja haibonyezi loki ikafunguka kisu kikakurudia vidoleni. Klipu unaweza kuihamisha sehemu nne, mwenye mkono wa kushoto pia anapona. Na makali omba yale yaliyonyooka, yasiyo na meno, ukayanoe hata kwa jiwe la maji la nyumbani.

Sasa hicho kindoano. Wave ni ya Ernest Emerson, fundi wa visu wa Marekani, mwanzo alikichora kwa ajili ya kukinga bapa la adui lisishuke mkononi, baadaye ikaonekana kwamba kikinaswa na pindo la mfuko kisu kinafunguka chenyewe unapokivuta. Kwa mtu aliyesimama amevaa jinzi ngumu, hakuna kinachofunguka haraka kuliko hapo, hilo nakubali kabisa. Ila we umekaa. Mkanda umepita kiunoni, usukani uko tumboni, suruali yenyewe pengine ya traksuti. Jaribu sasa hivi hapo ulipo kuingiza mkono mfuko wa kulia na kuvuta kitu kwenda juu na nyuma kwa mwendo mmoja. Umeona? Na kindoano hakiulizi nani anavuta, mi mwenyewe nilishuka kwa taksi ya Ntinda siku moja nina haraka, kamba ya begi ikakinasa, kikafunguka nusu ndani ya mfuko na nikatembea na paja linavuja hadi dukani. Suruali ilikuwa mpya. Endura ya kawaida ina tundu la duara kwenye bapa, hilo ndo alama ya Spyderco tangu 1981, unalisukuma kwa dole gumba na kisu kiko wazi, ukizoea wiki mbili tu unafanya gizani bila kufikiri.

Na hapa lazima nikuvunje moyo kidogo. Mwaka 1983 polisi mmoja wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, kama mita 6 na nusu hivi, akakufikia kwa sekunde moja na nusu. Huyo alikuwa anawaambia polisi wenye bastola kiunoni! Wale vijana wa foleni hawakuanzia mita 6, walianzia dirishani, mkono ukiwa tayari shingoni. Hapo hakuna kisu cha kukunja kitakachotoka kwa wakati, cha ndoano wala cha tundu, kwanza utatumia mikono, mlango, honi.

Kuna zoezi nilikuwa nafanya na askari wapya. Nawavalisha fulana nyeupe wawiliwawili, nawapa kalamu nene za wino mwekundu badala ya visu, nawaambia pambaneni sekunde kumi. Wanaingia wanacheka. Wakitoka, banange, hata yule aliyeshinda ana mistari mikononi, tumboni, chini ya kwapa, sijawahi kuona fulana iliyotoka safi. Baada ya hapo hawaniulizi tena kisu gani ni kikali, wanauliza mlango uko wapi.

Kwa hiyo kwa pesa ambayo shemeji yako angeweka kwa Civilian, ambayo ni ghali kuliko Endura kwa mbali, mwambie akuletee Endura na tochi nzuri ya mkononi ya kuchaji. Tochi ikimpiga mtu wa gizani machoni inakupa zile sekunde, haina kesi, na hakuna afande atakayekuuliza ya nini. Filimbi nunua hapahapa. Paki katikati ya wenzako, vioo juu, pesa ya njia iache kwa simu ubaki na ya chai tu, na wakishakufikia na panga wape simu hiyo, we si wa kwanza.

Endura ikifika iweke kwenye mfuko wa mlango upande wako na sio mfukoni, hapo ni rahisi kuifikia ukiwa umekaa, na ukipata ajali ndo itakukata mkanda. Ukishuka mjini iache kwa lori, kwa sababu tangu mabomu ya Julai 2010 pale Kyadondo na Kabalagala milango ya maduka makubwa Kampala ina wakaguzi, na kisu cha kigeni kikibaki kwa mlinzi mlangoni, kukiona tena ni majaliwa.

Mwambie shemeji anunue kwa duka linalojulikana maana feki za Spyderco ni nyingi mno na kwa picha huwezi kuzitofautisha. Kikifika kifungue, gonga mgongo wa bapa taratibu kwenye ubao mara tatu nne ukiwa umeondoa vidole kwenye njia yake, kikijifunga usikibebe, nitafute. Na akiwa uwanja wa ndege kisu kiende kwenye sanduku la chini, sio begi la mkononi, la sivyo zawadi yako itabaki Marekani.