Barua kwa mwanangu anayeuliza kwa nini hajaolewa

Mwanangu Neema,

Marahaba. Barua yako imefika na nimeisoma pole pole. Unasema umetimiza miaka 34, umeomba, umefunga, unaimba kwaya tangu kipaimara, na wote mliopata kipaimara pamoja wameshaolewa. Unauliza: kama Mungu ananipenda, mbona ananinyima mume? Halafu unauliza kama uende na rafiki yako kwenye yale maombi ya siku 21, ambako kila dada anatakiwa kupeleka shilingi 300,000 za "kufungua ndoa".

Nianze na hilo la pili kwa sababu lina tarehe. Usiende. Kuomba siku 21 si kosa. Danieli naye alijinyima majuma matatu (Danieli 10). Kosa ni ile bei. Simoni wa Samaria alipotaka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha, Petro hakumpunguzia, alimkemea (Matendo 8). Na tazama kazi hiyo inavyokwenda. Ukitoa na mchumba asipotokea, utaambiwa imani yako ni haba, au una roho ya kukataliwa, au kuna pepo wanayemwita mume wa kiroho anayekuzuia, na huyo naye ana sadaka yake ya kumvunja. Hutasikia hata siku moja mwombaji akisema, "Tumekosea, chukua pesa yako." Lawama inarudi kwako kila mara, na unatoka pale na aibu ambayo hukuingia nayo.

Mstari watakaokusomea huko naujua: Isaya 34:16, kwamba hapana mmoja atakayemkosa mwenzake. Fungua Biblia yako usome sura nzima kuanzia mstari wa kwanza. Ni hukumu juu ya Edomu. Nchi imekuwa magofu, watu wameisha, na wanaokusanyika kila mmoja na mwenzake ni wanyama wa mwituni na ndege wa mahameni. Hakuna bibi harusi mle. Vivyo hivyo Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani. Iliandikwa kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 10 unawaambia miaka 70. Wengi waliosikia barua ile wakiwa watu wazima hawakurudi Yerusalemu. Waliambiwa wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waombee amani ya mji waliomo. Ndiyo, mstari wa 6 unasema waoe pia, silifichi hilo. Lakini agizo ni kuishi pale walipo, kabla ya kile walichokuwa wakikingoja.

Sasa swali lako la kwanza, ambalo ni gumu zaidi. Hakuna andiko linalomwahidi kila Mkristo mume au mke. Najua linauma kulisoma kwa mwandiko wa mama yako. Ila imani ikisimama juu ya ahadi ambayo Mungu hakuitoa, kila kadi ya mchango wa harusi itaitikisa. Alichoahidi ni kwamba hatakuacha, kwamba dhambi zako zimesamehewa, kwamba amekupa watu wake, na kwamba kifo si mwisho. Katika Isaya 56, matowashi, watu ambao Israeli iliwahesabu kuwa miti mikavu, wanaahidiwa ndani ya nyumba ya Mungu jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti. Na Bwana wetu Yesu aliishi utu uzima wake wote bila mke, naye ndiye mwanadamu mkamilifu kuliko wote. Mtu akikuambia hujakamilika mpaka uolewe, muulize anasemaje juu ya Yesu.

Kuna kosa la upande wa pili pia, nalo linafanywa na watu wema. Watakuambia, "Huenda una karama ya useja," ili mazungumzo yaishe. Paulo alisema kila mtu ana karama yake, mmoja hivi na mwingine hivi (1 Wakorintho 7:7), na katika sura hiyo hiyo akasema kuolewa si dhambi. Masista wa Ushirika wa Neema pale Moshi, Walutheri wenzetu, waliuchagua useja, wakaandaliwa kwa muda, wakaweka nadhiri mbele ya kanisa. Wewe hukuchagua. Unatamani mume, na tamaa hiyo haikuondoi katika imani. Endelea kumwomba Mungu waziwazi, bila kujifanya hujali.

Namna ya kuomba hivyo ipo. Chukua Zaburi ya 13, mistari sita tu. Miwili ya kwanza ni malalamiko, na "hata lini" inarudiwa mara nne. Miwili ya kati ni ombi. Miwili ya mwisho ni tumaini. Weka daftari, andika sehemu tatu hizo hizo kwa maneno yako, na usiruke ya kwanza ukakimbilia ya tatu. Wengi huruka kwa kuogopa kumlalamikia Mungu, halafu yale malalamiko hugeuka wivu kwa wenzao. Dakika ishirini asubuhi zinatosha. Ukisoma Zaburi tano kila siku utamaliza zote 150 kwa siku 30. Siku ya 24 itakukuta na Zaburi ya 119 yenye mistari 176, siku hiyo isome hiyo peke yake, na zile nne nyingine za siku hiyo zigawe kwenye siku zinazofuata. Usimwekee Mungu tarehe, wala usiweke nadhiri ya aina ya "ukinipa mume nitakujengea". Nadhiri kama hizo hufunga watu miaka mingi kwa hofu.

Tuje nyumbani kwako. Unalalia godoro chini na sahani zako ni mbili za plastiki, kwa sababu vyombo vizuri "ni vya nikiolewa". Nunua kitanda, mama. Nunua meza. Jioni usile andazi na chai ya rangi umesimama jikoni. Mtu anayekula hivyo mwezi mzima huanza kuamini kwamba yeye si wa kupikiwa. Pika, kaa, omba, kula. Na kila Jumamosi ya pili alika watu: kilo moja ya mchele na nusu kilo ya maharage vinawashibisha watu sita. Alika mjane wa jumuiya yenu, alika familia yenye watoto, alika yule kijana aliyehamia kikazi asiyejua mtu. Usialike wasioolewa peke yao, maana kikao kitageuka kuwa cha kuhesabu nani kabaki.

Kiwanja nacho usikisubirishe. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, kwa hiyo jina lako peke yako linatosha kwenye hati. Angalia pia nani umemwandika kuwa mnufaika kule NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na andika wosia. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanasaidia kuandika na wanahifadhi. Watu hudhani wosia ni wa wenye watoto. Lakini asiye na mume wala mtoto naye mali zake hugombaniwa.

Halafu watu. Mungu alisema si vema mtu awe peke yake, na upweke wako hautaponywa kwa kusoma Biblia tu. Paulo hakuwa na mke alipoandika, lakini hesabu majina ya Warumi 16. Mama yake Rufo, Paulo anasema ni mama yake yeye pia. Na katika barua ya pili kwa Timotheo, sura ya 4, yumo kifungoni, Dema amemwacha, Luka peke yake ndiye aliyebaki. Anafanya nini? Anamwandikia Timotheo aje upesi, amlete Marko, amletee joho aliloliacha kwa Karpo kule Troa, na vitabu. Anataja mtu, nguo na mahali. Jifunze kuomba msaada hivyo. "Nimepungukiwa" haimwambii mtu afanye nini. "Jumapili naomba nije kula kwenu" inamwambia.

Jumapili mchana baada ya ibada ndiyo saa mbaya, najua, na Krismasi, na usiku wa kurudi kutoka send-off ya rafiki. Saa hizo zinajulikana mapema, kwa hiyo zipangiwe mapema. Ikifika Jumatano uwe unajua Jumapili utakula wapi au na nani. Usiku wa send-off usirudi chumbani peke yako, lala kwa mwenzako. Vishawishi vingi havianzi na tamaa, vinaanza na uchovu, simu mkononi saa tano usiku, na namba ya mtu ambaye ulishaamua kuachana naye. Ifute. Mpate mama mmoja wa kanisani mwenye umri wa kutosha na mdomo mzito, umruhusu akuulize lolote. Na mume wa mtu anayekusikiliza vizuri kuliko wote, ambaye siku zote anasema mkewe hamwelewi, usimjibu hata kwa salamu ndefu.

Kanisani watakutwika kila kitu kwa sababu "wewe huna familia": kwaya, Sunday school, usafi, uhasibu wa jumuiya. Shika huduma mbili. Nyingine zikatae kwa heshima na usieleze sana. Utumishi ukiwa njia ya kumkumbusha Mungu kwamba unamdai, utakuchosha na utakufanya mkali kwa watoto wa watu. Ukitoka kwenye umoja wa vijana, usikae pembeni kwa sababu umoja wa wanawake umejaa akina mama. Ingia, kaa nao, wengi wao ni wapweke ndani ya ndoa na watafurahi kupata wa kuomba naye. Kuhusu michango ya harusi, panga kiasi kwa mwezi, tuseme shilingi 20,000, kikiisha kimeisha. Nenda ukaoshe vyombo siku ya sherehe, huo nao ni mchango.

Akija mwanamume, tutafurahi, na hatutaharakisha. Awe "katika Bwana", kama Paulo alivyosema kwenye 1 Wakorintho 7:39. Nenda mkasali kanisani kwao, uongee na mchungaji wake na dada zake, uone anavyolipa madeni na anavyosema na wahudumu wa hoteli. Mkapime afya pamoja kabla ya barua ya posa. Habari ya sogea tukae, kuishi pamoja bila ndoa, usiikubali hata akisema mahari inatafutwa.

Shangazi yako nimeongea naye. Hatauliza tena mbele ya watu "tunakula pilau lini". Baba yako anasema Krismasi uje siku tatu kabla, na uje na yule mwenzako wa kazini ambaye wazazi wake walifariki, chumba kipo.

Mama yako