Ukienda Olympos mwezi wa Agosti, usilale mapema

Mwaka wa kwanza nililala. Nilikuwa nimetoka Piraeus, bandari ya Athens huko Ugiriki, kwa meli, usiku kucha na sehemu kubwa ya mchana wake, mpaka kisiwa cha Karpathos, kisha gari likanipandisha hadi Olympos, kijiji kilichokaa juu ya mgongo wa mlima huko kaskazini. Ilikuwa sikukuu ya tarehe 15 Agosti, siku Waorthodoksi wanayoadhimisha kulala, yaani kufariki, kwa Bikira Maria. Niliahidiwa ngoma. Saa tano usiku nikaona wazee kumi na kitu wamezunguka meza, wanaimba taratibu, mmoja baada ya mwingine, hakuna anayenyanyuka. Nikajiambia, basi ndiyo hiyo, nikaenda zangu kulala. Asubuhi natoka kutafuta mkate, nakuta watu bado wanacheza.

Kwa hiyo chapa usingizi mchana.

Na usidhani wale wazee wanavuta muda tu. Pale mezani ndipo penyewe. Wanachoimba kinaitwa mantinada: mishororo miwili, kila mmoja mizani 15, ukwapi 8 na utao 7, na kina mwishoni. Sisi tuliokua na shairi la mizani 16, nane kwa nane, sikio linaudaka mpigo huo haraka, halafu linabaki linasubiri ile mizani moja isiyokuja. Mtu anatunga papo hapo, wenzake wanaupokea mshororo wake na kuurudia, kisha mwingine anamjibu. Malumbano hasa. Wanamsifu aliyeoa, wanamtaja aliyezikwa tangu Agosti iliyopita, wanamwita mtoto aliyehamia Marekani.

Mwaka wa pili nilikwenda na jirani yangu wa Piraeus, bibi mzaliwa wa Olympos, akawa ananitafsiria sikioni. Mzee mmoja aliimba kwamba amekuja amevaa viatu vya marehemu ndugu yake, ili navyo vicheze mwaka huu. Sauti ikamkatikia njiani. Wanaume wazima wakalia waziwazi, bila kujificha, na muziki haukusimama. Mimi nikanyanyua simu nirekodi. Bibi akaushusha mkono wangu taratibu, wala hakunitazama. Tafuta mtu wa kukunong'onezea. Usipompata, kaa tu usikilize, simu iache mfukoni.

Vyombo vya muziki ni vitatu. Lyra ina nyuzi tatu, husimamishwa gotini, na upinde wake umefungwa njuga ndogo, hivyo mkono ule ule unaotoa sauti ndio unaoshika mapigo. Laouto ni kama udi ulioongezwa shingo. Tsambouna ni ngozi ya mbuzi iliyojazwa pumzi, na zumari mbili zimechomekwa humo. Ukikaa karibu nayo masikio yatakuuma. Mimi hukaa karibu.

Kucheza kwenyewe huanza usiku umekwenda. Watu hushikana mikono kwa mstari unaopinda kuzunguka wapiga muziki, hatua fupi fupi, polepole kiasi kwamba mgeni huchoka kabla hawajakolea. Wasichana huvaa mikufu ya sarafu za dhahabu iliyofunika kifua chote. Ukitaka kuingia, nenda mkiani. Kule mbele kuna anayeongoza na watu wake, na kumkatizia ni kumvunjia heshima. Hatua utazijua kwa kumtazama jirani yako miguuni.

Kanisani funika mabega na magoti. Komunyo ni ya Waorthodoksi, kwa hiyo ndugu zangu wa Kenya na Uganda mliobatizwa katika Uorthodoksi mtakuwa nyumbani. Sisi wengine tunasimama nyuma. Chakula ni mbuzi, maana wengi wametoka kwenye mfungo wa siku 14. Mimi Mwislamu, nyama naiacha, najishibisha kwa mkate, viazi na jibini, na hakuna aliyewahi kununa. Mvinyo ukiletewa, weka mkono kifuani ushukuru, yatosha.

Beba sweta. Najua ni Agosti, najua Ugiriki inaungua, lakini upepo wa ule mlima usiku hauna huruma.

Vyumba kijijini ni vichache, weka nafasi miezi kabla. Na kama una siku za ziada, bakia mpaka sikukuu ya Yohana Mbatizaji, tarehe 29. Watu huteremka Vrykounta, kwa mashua kutoka bandari ya Diafani au kwa miguu kupitia kitongoji cha Avlona, kwenye kanisa lililomo ndani ya pango kando ya bahari. Hoteli hakuna. Chukua blanketi, maji, na viatu usivyovionea uchungu.