Maswali Yenu: Bamvua, maji mafu na mtungi uliogoma kupoza

Ndugu Mhariri, naishi Jambiani, Unguja. Jana maji yalipwa saa nne asubuhi, leo yamechelewa zaidi ya nusu saa. Je, bahari haina saa maalumu? Nawezaje kukokotoa mwenyewe nisipokuwa na jedwali?

Saa inayo, ila ni ya mwezi, si ya jua. Dunia ikimaliza mzunguko wake wa saa 24, mwezi nao umeshasogea, hivyo Jambiani huhitaji dakika 50 zaidi kuufikia tena. Katika saa hizo 24 na dakika 50 maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Kwa hiyo kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika 12 hivi.

Jua nalo huyavuta maji, kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, vyote viwili huvuta kwenye mstari mmoja, tukapata bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Unguja tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, kila kimoja huvuta upande wake, maji yakawa mafu na tofauti ikashuka hadi mita 1 hivi.

Kukokotoa, anza na tarehe mosi ya mwezi mwandamo: Unguja maji hujaa saa kumi na nusu alasiri hivi. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50. Tarehe 3 umeongeza dakika 100, kwa hiyo yatajaa saa kumi na mbili na dakika 10 jioni. Rudi nyuma saa 6 na dakika 12: yamepwa mnamo saa sita mchana. Hesabu hii hukosea kidogo, kwa sababu siku za bamvua kuchelewa hupungua hadi dakika 40 hivi, na siku za maji mafu huzidi saa nzima. Inatosha kupanga siku ya kwenda kwenye mwani. Ya kuvusha chombo kwenye mwamba, tafuta jedwali la bandari.

Sasa lililo muhimu kuliko yote kwa anayeokota pweza na chaza. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote mafungu 12: saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua ya mita 3.6 basi hupanda sentimita 30 tu saa ya kwanza, na hapo ndipo watu hudanganyika wakabaki mwambani. Saa ya tatu hupanda sentimita 90, yaani sentimita moja na nusu kila dakika, na mikondo iliyo kati yako na pwani hujaa kabla ya mwamba uliosimama juu yake. Maji yakianza kurudi, anza kurudi nawe.

Mtungi wangu ulikuwa ukipoza vizuri, sasa maji ni vuguvugu. Umeharibika?

Pengine umeziba. Mtungi hupoza kwa kutoa jasho: maji hupenya vitundu vya udongo, huvukika nje, na mvuke huondoka na joto. Robo lita ikivukika kwenye mtungi wa lita 20, joto linaloondoka latosha kushusha maji yaliyobaki nyuzi 7, kama joto la nje lisingeingia. Pitisha kiganja chako ubavuni mwa mtungi asubuhi: usipohisi unyevu, vitundu vimezibwa na chumvi ya maji ya kisima, mafuta ya mikono au rangi. Sugua nje kwa brashi ngumu na maji matupu. Sabuni usitumie, huingia udongoni ikabaki na ladha yake. Rangi ya mafuta haina dawa.

Ukiwa unyevu na bado haupozi, uhamishe kivulini penye upepo, juu ya kigoda. Wakati wa masika hewa imeshajaa mvuke, hivyo hata mtungi mzima hupoza kidogo tu.