Barua kwa mwanangu: ulinikuta nalala kibarazani

Mpwapwa, Jumapili jioni

Mbukwa, mwanangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa peke yangu. Unasema hedhi imeanza kuruka miezi, usiku unaamka shuka limelowa, na ofisini ukifungua dirisha wenzako wanalifunga. Kisha ukaniuliza: “Mama, wewe ulipita bila dawa wala kelele, ulikuwa unakula nini?” Nimeona nikuandikie. Kwenye simu ningeona haya.

Hiyo habari ya kupita bila kelele ifute. Ulipokuja kujifungulia kwangu mtoto wako wa kwanza, ulinikuta nalala kibarazani kwenye mkeka, ukadhani nimegombana na baba yako. Sikugombana na mtu. Ilikuwa Julai, upepo wa kipupwe unapiga mpaka meno yanagongana, na mimi natafuta pa kupoa! Sikusema kwa sababu bibi yako naye hakusema. Tulichokuwa tukisikia ni kwamba fulani “ameacha”, yaani hedhi imekoma, basi.

Nesi wa kituo cha afya ndiye aliyenifumbua macho, ila alianza kwa kunipima malaria na makohozi. Nilinuna. Nimekuja na joto, ananiuliza habari za kikohozi? Kumbe jasho la usiku ni dalili ya kifua kikuu pia, na tezi ya shingo ikizidisha kazi nayo huleta joto na moyo kwenda mbio. Nawe anzia hapo. Usiseme “ni umri” kabla hujapimwa.

Baada ya majibu kutoka safi ndipo akanieleza. Ovari zikielekea kuchoka, homoni ya estrojeni hupanda na kushuka, mwisho inabaki kidogo. Ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka: joto likipanda kidogo tu, inafungulia jasho kana kwamba unaungua. Hedhi huhesabiwa imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila kuiona, na kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Wewe una 46 na bado unaiona, kwa hiyo uko njiani, na njia hiyo huweza kuchukua miaka. Uzazi wa mpango usiuache. Jirani yangu aliuacha akijiona ameshamaliza, akapata kitindamimba akiwa na miaka 47, na mtoto mwenyewe sasa ndiye anayenichotea maji.

Nilikuwa nakula nini? Mwanangu, mlenda hauzimi huo moto. Kilichonipunguzia joto ni nilichoacha zaidi ya nilichokula: chai kali ya jioni, pilipili, na ule mvinyo wa zabibu zetu kwenye harusi, ambao ulikuwa ukinipandisha joto kabla bibi harusi hajakata keki. Vyako huenda vikawa vingine. Andika wiki mbili ulikula nini kabla ya joto kuja, utaviona. Na kilo ulizoongeza tangu uhamie Mtumba zipunguze, maana mwili mzito huwaka zaidi.

Soya ulizouliza, wako wanaopata nafuu kidogo na wako wasioona kitu. Kula kama chakula, usizifanye dawa.

Pale chakula kinapofanya kazi kweli ni kwenye mifupa. Estrojeni ndiyo iliyokuwa ikiilinda. Ikishuka, mifupa hupungua haraka, hasa miaka ile ya mwanzo. Kwa hiyo dagaa wale wazima pamoja na miiba yao, maziwa mgando, ufuta, mboga za majani. Ugali wa uwele au mtama badala ya sembe, na kunde au choroko kila unapoweza. Chumvi punguza, maana presha nayo hupenda umri huu.

Kwenye mazoezi nilijidanganya miaka mingi. Nilisema mimi mkulima, nafanya mazoezi gani tena? Lakini huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi. Jembe likishawekwa ndani, tunakaa kivulini kuchambua karanga. Nesi akaniambia nitembee kwa kasi ya mtu aliyechelewa basi, nusu saa, siku tano kwa wiki. Ndizo zile dakika 150 wanazosema Shirika la Afya Duniani, na wanataka pia siku mbili za kutia misuli nguvu. Mimi nilibeba ndoo. Wewe simama na kukaa kwenye kiti bila kushika popote, mara kumi, pumzika, rudia. Joto halikuondoka kwa hilo, nisikudanganye. Usingizi ndio uliorudi, na hasira ikapungua. Muulize baba yako. Mkojo ukianza kukuponyoka ukicheka, kila siku bana misuli ya chini kama unayeuzuia, kisha legeza.

Kuna chupa nilinunua stendi, “dawa ya asili ya kurudisha ujana.” Ilinigharimu bei ya debe mbili za uwele na kuniharisha siku tatu. Unayosema umeiona mtandaoni sitashangaa ikiwa ndugu yake.

Lingine lilikuwa la shangazi yako kukuambia, Mungu amrehemu. Ukavu wa ukeni na maumivu ya tendo havisikii mboga wala matembezi. Ipo krimu ya estrojeni ya kupaka, na kwa joto lisilovumilika ipo tiba ya homoni, ingawa aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu kwa kawaida hapewi. Mimi sikujua kama naruhusiwa kuuliza. Wewe uliza daktari wa wanawake. Na ikishapita ile miezi 12 halafu ukaona damu, hata tone, nenda siku hiyohiyo.

Uwele na mlenda mkavu nimempa kondakta wa basi la kesho asubuhi, ufuta uko kwenye kopo la maziwa ya unga. Mkwe wangu umeshamwambia, au naye anadhani mmegombana?

Mama yako