Majimaji ya Tumbo: Kupima Bakteria Bila Mitambo Mikubwa

SWALI: Msimu wa korosho ng'ombe wanakula mabibo hadi wanazubaa na kukataa majani. Maabara yetu ndogo ina hadubini na karatasi za pH (za kupima ukali wa asidi) tu. Tutajuaje kama bakteria wa rumeni (tumbo la kwanza la ng'ombe) wameharibika?
Msaidizi wa mifugo, Nachingwea

JIBU: Vifaa hivyo vinatosha, ukiongeza methilini bluu (rangi ya buluu ya maabara) ya asilimia 0.03. Chukua majimaji ya rumeni kwa mpira unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, saa 2 hadi 4 baada ya ng'ombe kula. Mililita 200 za mwanzo zimwage: zina mate, na mate hupandisha pH, ukadhani mnyama mzima kumbe anaumwa. Hapa ndipo wengi hupotea. Yatie kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto, pima palepale. Yakipoa bakteria huzubaa na majibu yanadanganya.

pH ya 6 hadi 7 ni ya kawaida. Chini ya 5.5, sukari imechachuka na kuwa asidi.

Kisha changanya mililita 20 za majimaji na 1 ya methilini bluu. Bakteria wenye nguvu huifuta rangi ndani ya dakika 3 hadi 6. Ikipita 15, wamedhoofika. Lakini mnyama aliyeshinda njaa naye huchelewesha, kwa hiyo linganisha na ng'ombe mzima wa zizi hilohilo.

Kwenye hadubini, tone la majimaji ya uvuguvugu lijae protozoa (vijidudu vya seli moja) wanaokimbia. Asidi huwaua mapema. Ukiwa na rangi za Gram (za kupaka bakteria ili kuwatofautisha), tazama pia bakteria: kwa kawaida wengi ni wekundu, wakizidi wa zambarau asidi imetawala.