Rangi kubanduka na selotepu: anza na sabuni

Ndugu, umeuliza kwa nini rangi ya bawa la Spitfire yako ya 1/72, ile ndege ndogo ya plastiki ya kuunganisha (ndogo mara 72 kuliko halisi), ilitoka na selotepu wakati rangi yenyewe ni nzuri. Nashuku mafuta. Kalibu za kiwandani wakati mwingine hupakwa kilainishi ili vipande vichomoke, na mabaki yake hubaki kwenye plastiki. Vidole vyetu navyo huongeza mafuta yake.

Kabla hujakata chochote, osha fremu nzima, yaani ile mifupa ya plastiki inayoshikilia vipande, kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini. Maji yasiwe ya moto, vipande vyembamba hupinda. Suuza, acha vikauke vyenyewe.

Ukikata, usikate karibu na kipande. Acha kishina kidogo, kisha kipunguze kwa wembe na umalizie kwa msasa namba 400, halafu 600, halafu 1000, ukiulowesha maji. Kwenye maungio ya mwili wa ndege pitisha ukucha: ukikwama hata kidogo, rangi itauonyesha huo mstari, kwa hiyo jaza puti na usugue tena. Hapo ndipo mimi hutumia muda mwingi kuliko kupaka kwenyewe, na sijutii.

Osha tena vumbi la msasa, kisha paka praima (rangi ya msingi) ya kijivu, tabaka nyembamba mbili. Iache usiku kucha.

Tafadhali usifute kwa asetoni. Inayeyusha polistirini, na bawa hilo halitengenezeki tena.